Shokapu za Gari la Akida

Binti aliyelelewa vizuri haulizwi mara moja. Huulizwa mara tatu, mara zote tatu hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kukubali. Mimi nililelewa vizuri mno, na ndiyo sababu Jumamosi ile asubuhi nilikuwa nakwenda gereji kwa Cornel huku nikiwa mchumba wa mtu mwingine.

Nieleze vizuri, msije mkaniona punguani. Jina langu Zuleha, binti wa Mzee Sabiti mwenye duka la vitambaa karibu na stesheni ya Shinyanga. Mwaka huo, themanini na tano, nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nashona kava za viti vya magari kwenye kibaraza cha baba, na mafundi wote wa mjini walinifahamu. Cornel alinifahamu kuliko wenzake. Alikuwa Mzinza wa Geita, mrefu, mpole, Mkatoliki aliyebatizwa akiwa mchanga, na kwa miaka miwili tulipendana kwa kisingizio cha kupima viti. Baba alipogundua hakugomba. Alimwambia shangazi Mwasiti neno moja tu anifikishie: akisilimu, aje. Cornel akakubali kusilimu. Jumapili akaniambia, "Alhamisi Mzee Maganga atakuja kwenu na barua yangu." Mzee Maganga ndiye aliyekuwa amemchagua awe mshenga wake.

Alhamisi jioni wazee wakaja kweli. Sikuchungulia, maana binti wa watu hachungulii posa yake. Nilikuwa jikoni nikasikia hodi, nikasikia wazee wakikohoa, nikasikia baba akisema karibuni, karibuni. Baada ya sala ya magharibi shangazi akaingia chumbani kwangu, akakaa kitandani.

"Zuleha mwanangu, imeletwa barua. Baba yako ameisoma, na moyo wake umetulia. Wewe unasemaje?"

Kwetu jina la mwanamume halitajwi mpaka binti awe amejibu. Kulitaja ni kumvua haya. Nikainamisha kichwa. Akauliza mara ya pili, akauliza mara ya tatu, nami nilikuwa nimejaa furaha kiasi kwamba hata ningetaka kusema nisingeweza. Shangazi akapiga kigelegele, na majirani wakakipokea kabla hata hakijaisha.

Ijumaa asubuhi, tukinywa chai, ndipo aliponiambia kwamba nina bahati, maana si kila msichana anayeolewa na mwenye kinu cha mpunga Kahama. Mwenye kinu cha mpunga Kahama alikuwa Akida. Kikombe kilinitoka mkononi, shangazi akadhani ni furaha.

Nikajua papo hapo kwamba baba ameficha barua ya Cornel. Nililia Ijumaa nzima, na Jumamosi kulipopambazuka nilikuwa na mpango. Cornel na Mzee Maganga waje wasimame mbele ya baba, waseme barua yao ilifika, nami niseme kunyamaza kwangu kulikuwa kwa ajili yao. Nikaha ilikuwa Ijumaa inayofuata, na siku sita zilitosha. Nikafunga furushi la kava za Landrova ya chama cha ushirika, ili nikiulizwa njiani niwe na la kusema, nikatoka.

Gari nililolikuta chini ya bati la gereji ya Cornel mji mzima ulilijua. Lilikuwa gari la michezo, jekundu, la milango miwili, fupi hata mbuzi angeweza kuliruka, na injini yake ilikuwa nyuma mahali ambapo magari ya watu wengine huweka mizigo. Akida alilinunua kwa injinia mmoja wa Kizungu wa almasi kule Songwa aliyekuwa anarudi kwao. Kwa barabara zetu lilikuwa linakwaruza tumbo kila siku, lakini Akida alilipenda. Tabu yake ilikuwa kifuniko cha injini. Springi zake zilikwisha kufa zamani, kikawa kinategemezwa kwa mpini wa jembe, na mwezi uliopita mpini uliteleza Akida akiwa ameinama kuangalia mafuta. Alitembea na nundu kwenye paji la uso wiki mbili.

Cornel alikuwa ameingiza kichwa kwenye injini.

"Umeamkaje, Zule?" alisema bila kuinuka.

"Sijaamka, kwa sababu sijalala. Unajua gari hili ni la nani?"

"La bwana Akida."

"Na unajua Akida amefanya nini?"

"Nishikie kifuniko kwanza," akasema. "Huu mpini unanizuia, nataka kuutoa. Kishike hapa na hapa, kiinue mpaka juu."

Nilizoea kumshikia vitu. Niliweka furushi chini, nikakiinua kifuniko kwa mikono miwili juu ya kichwa, naye akautoa mpini. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani. Pembeni, juu ya gunia safi, zilikuwa zimelala shokapu za gesi mbili, mpya, nyeusi, kila moja unene wa kidole gumba. Akida aliziagiza Nairobi kwa dereva wa lori. Ni bomba lililoshindiliwa gesi ndani na fimbo ya chuma inayoingia na kutoka, ukifunga moja kila upande zinasukuma kifuniko juu na kukishikilia. Hazikutengenezwa kwa ajili ya gari lile, kwa hiyo Cornel alikuwa ametoboa matundu mapya na kuchonga vishikio kwa tupa. Aliyaeleza yote hayo bila kuulizwa. Cornel akiogopa huongea habari za spana, na mimi mjinga sikushtuka.

"Cornel, nisikilize. Baba ameificha barua yako."

Spana ikasimama.

"Barua gani?"

"Aliyoleta Mzee Maganga Alhamisi. Wameificha, wakaniuliza kwa ya Akida. Nami nikanyamaza nikijua ni wewe. Sasa kamchukue Mzee Maganga, twende wote kwa baba. Baba si mtu mbaya, akisikia kwamba..."

"Zule."

"Akisikia kwamba nilikubali yako, hawezi kunilazimisha. Hata shekhe atasema..."

"Zule, Mzee Maganga hakuja kwenu."

Alikuwa bado ameinama. Nilikuwa namwona kisogo na kola ya ovaroli yake, ile niliyomshonea kiraka mwenyewe.

"Hakuja vipi?"

"Sikumpa barua. Iko humo." Akaonyesha kwa kidevu sanduku la spana. "Chini ya soketi."

Nikamwambia aseme yote. Akasema, huku akikaza nati ya kishikio cha kwanza, polepole, kama mtu anayehesabu mizunguko.

"Jumatatu nilipanda basi nikaenda Geita kumwambia mama. Nilitaka asikie kwangu, asisikie kwa watu. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Hakugomba, Zule. Afadhali angegomba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, 'Baba yako tulimzika na rozari mkononi. Mimi nikifa, ni nani atakayeshika yangu?' Akaendelea kupukuchua. Mama yangu Generosa unamsikia tu, humjui. Hana mtoto mwingine."

"Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu."

"Ukarudi."

"Nikarudi Jumatano."

"Jumatano, Alhamisi, Ijumaa," nikasema. "Duka letu liko hatua mia mbili kutoka hapa. Mimi niko kibarazani toka asubuhi mpaka jioni, cherehani yangu unaisikia ukizima injini. Ulishindwa nini?"

"Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia."

"Namna ya kuniambia ni kufungua mdomo, Cornel. Mficha uchi hazai."

Akachukua shokapu ya kwanza, akaichomeka kwenye kishikio cha juu, ikalia ta. Akaivuta chini kwa nguvu, ikalia ta tena. Sitawadanganya, niliwaza kuachia. Nilikitazama kile kisogo chini ya kifuniko nilichokishika, nikawaza, nikiachia sasa atakuwa na nundu kubwa kuliko ya Akida, na angalau mmoja wetu atakuwa na kitu cha kuonyesha watu.

"Usiachie," akasema. "Bado moja."

"Ungekuja ukaniambia mama hataki, ningelia, halafu ningekungoja. Mwaka mmoja, miaka mitatu. Ningekwenda Geita mwenyewe nikapukuchua naye mahindi. Unajua ningefanya."

"Najua."

"Sasa?"

Alichukua shokapu ya pili, akaigeuza mkononi, akaigeuza tena. "Fimbo ielekee chini," akasema kwa sauti ndogo, "ili mafuta ya ndani yalainishe sili, ule mpira unaozuia gesi isitoke. Ukiifunga juu chini inakufa upesi."

"Sikukuuliza fimbo."

"Najua, Zule."

Ikalia ta, na mara ya pili ta. Akasimama, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike. Macho yalikuwa mekundu, na nilijua kwamba hata yeye hakulala. Akasema ninaweza kuachia.

Nikaachia. Kifuniko kikabaki palepale juu, hakikushuka hata unywele. Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi, ikabaki hewani kama ya mtu anayeomba dua. Cornel akanishika vifundo vya mikono, akaishusha, akaanza kuisugua kwa vidole vyake vyenye girisi kama alivyozoea kunifanyia nikichoka na cherehani. Nilipaswa kuivuta. Sikuivuta. Nilimpenda bado, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko barua.

"Nitampelekea Mzee Maganga leo hii," akasema. "Nitasilimu. Mama atazoea."

"Unasema kwa sababu nalia."

"Nasema kwa sababu nakupenda."

"Hilo sina wasiwasi nalo. Nakuuliza kama utasema mbele ya watu."

"Nitasema."

"Akida anakuja kuchukua gari saa ngapi?"

Akasita. "Saa nne."

"Basi nakaa hapa mpaka saa nne. Useme mbele yake kwanza, yeye ndiye mwenye posa. Baba atakuwa wa pili."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema tukifunge kifuniko tukijaribu, na kwamba hawezi kukifunga peke yake, shokapu zikiwa mpya ni ngumu, ukibonyeza upande mmoja bati linapinda. Nikasimama kushoto, yeye kulia. Tukabonyeza pamoja. Zile shokapu zilitupinga, zikatoa pumzi, zikakubali kidogokidogo mpaka kitasa kikajifunga. Cornel akapapasa ukingo wa bati kuangalia kama umekaa sawa. Ulikuwa umekaa sawa, akatabasamu, nami nikatabasamu, kama siku yoyote ile ya kazi. Kwa muda huo mfupi nilikuwa na mume.

Akida alikuja saa nne kasoro, kwa miguu, kofia kichwani, alama ya nundu bado inaonekana. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mnene kidogo, mwenye sauti ya taratibu. Mke wake alikuwa amefariki mwaka juzi. Nilikuwa nimezoea kumwamkia dukani, ulimi ukanitangulia.

"Shikamoo."

Akacheka. "Marahaba, binti Sabiti. Lakini hiyo nafikiri sasa tutaiacha. Unashona viti vya nani leo?"

"Vya ushirika."

Hakushangaa kunikuta gereji, maana ndiyo kazi yangu. Alikwenda nyuma ya gari, akavuta kitasa, na kifuniko kikapanda chenyewe taratibu mpaka juu. Akakitazama kama mtu aliyeletewa mtoto.

"Fundi," akasema, "wewe ni fundi kweli. Hata mke wangu ataweza kukifungua."

Halafu akageuka kuniangalia, labda aone kama nimecheka, na ndipo alipoona uso wangu. Akida hakuwa mtu mbaya. Nimekaa miaka mingi nikijaribu kumfanya mbaya, nimeshindwa.

"Macho yako yamelia," akasema. "Kuna neno?"

Nilimtazama Cornel. Akida naye akamtazama Cornel.

"Fundi, kuna neno?"

Cornel alichukua kitambaa, akafuta kiganja cha kulia, akafuta cha kushoto. Nilikuwa namwombea. Nilimwombea kwa Mungu wangu na kwa Mungu wake, maana ni mmoja. Jumapili tu alikuwa ameniambia kwamba kwa ajili yangu atafanya lolote, na sasa lile lolote lilikuwa maneno matatu tu.

"Hakuna neno, bwana Akida," akasema. "Ila usikifunge kwa mkono mmoja. Bonyeza katikati, mikono yote miwili. Na ukilisafirisha Kahama, vumbi la barabarani lifute kwenye fimbo, likikaa linakata sili."

"Vizuri," alisema Akida. Lakini hakuwa mjinga, hakuondoa macho kwangu.

Nikasubiri. Nilimpa Cornel muda, mbele ya Mungu nilimpa. Nilihesabu mpaka nikapoteza hesabu. Yeye alikuwa amekwisha kuinama anakusanya spana zake, moja moja.

"Neno lipo," nikasema.

Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. Nikaendelea hivyo hivyo, maana ningenyamaza tena nisingesema milele.

"Bwana Akida, Alhamisi nilipoulizwa nilinyamaza. Nilinyamaza kwa ajili ya mtu mwingine. Sikujua barua ni yako. Hukunikosea kitu, wala baba hakukukosea. Mimi ndiye niliyedhani."

Akida alivua kofia, akaivaa tena.

"Mtu mwingine," akasema polepole. "Unisamehe, bibie. Mimi si mtu wa kuingilia cha mwenzangu, na kwa ajili hiyo hiyo niliuliza kwanza. Nilimuuliza huyu fundi." Akamwelekeza Cornel kwa mkono, bila hasira, kama anayemwita shahidi. "Jumatano jioni, nilipomletea hizi shokapu. Nikamwambia, wewe unafanya kazi na yule binti wa kava, kama ana mtu niambie, nisiende kwa mzee wake kujiaibisha. Akaniambia huna mtu."

Mahali pale palikuwa na kelele za mji, lori la pamba lilikuwa linapita kwenda kinuni. Sikusikia kitu.

"Ulisema hivyo?" nikamuuliza Cornel.

"Zule..."

"Nakuuliza ulisema?"

"Nilisema."

Barua iliyolala chini ya soketi ningeisamehe. Mama Generosa na mahindi yake nilikwisha kumsamehe, maana hata mimi nina baba. Hata lile la hakuna neno, labda baada ya miaka ningesema alishikwa na woga, binadamu ni binadamu. Lakini mtu alikuja kuuliza mlangoni kama nyumba hii ina mwenyewe, na mwenyewe akajibu haina. Na aliyekuja hakuwa na shoka wala rungu, alikuwa Akida, mtu wa kuuliza kwa adabu. Moyo wangu ulivunjika hapo, si Alhamisi, si asubuhi ile. Nausema wakati wenyewe kwa sababu naukumbuka.

"Huyo mtu ni nani, bibie?" aliuliza Akida. "Niambie alipo nikamtake radhi."

Cornel aliinua uso. Nadhani wakati ule angesema. Nadhani mdomo ulikuwa umefunguka kabisa. Lakini mimi nilikuwa nimechoka kumshikia vitu.

"Fundi alikwambia kweli," nikasema. "Sina mtu."

Akida alinitazama mimi, akamtazama Cornel aliyebaki na mdomo wazi na spana mkononi. Nikaona ameelewa.

"Basi barua yangu?" akauliza mwisho, kwa upole.

"Nitamwambia baba airudishe leo. Nitamwambia mwenyewe kwamba kosa ni langu. Usinichukie."

"Sikuchukii." Akafikiri. "Nitawaambia wazee wangu wasikuulize sana."

Nikaokota furushi langu. Cornel alisema jina langu mara moja, kwa sauti ya chini, ile aliyokuwa akiitumia tukiwa wawili tu, na mbele ya mwenye gari ilinitia aibu. Nikatoka kwenye bati, nikaingia kwenye jua.

Nililia njia nzima, mchana kweupe, bila kujifunika hata ukaya. Mji wetu ni mdogo na siku ya Jumamosi watu wote wako barabarani. Fundi viatu alinisalimia nikamwitikia. Mwalimu wangu wa zamani alipita na baiskeli, nikamwambia shikamoo mwalimu, akasema marahaba kisha akasimama kabisa kunitazama. Bibi wa Kisukuma aliyekuwa anauza karanga karibu na duka letu alinisalimia, "Mwangaluka, mayu," nami nikajibu mwangaluka, nikaulizia wajukuu zake, nikangoja mpaka amalize kunijibu habari ya kila mmoja. Kisha nikaingia ndani kumtafuta baba.